Ndoa Moja, Tarehe Tatu: Kisa cha Mama Junior Mbele ya Afisa wa Uhamiaji

Faili la Mama Junior lilikuwa na tarehe tatu za ndoa. Fomu aliyoijaza mumewe alipoomba hifadhi Marekani ilisema walioana Desemba 2012. Fomu ya pili, ile ya kumwombea mke na mtoto wamfuate, ilisema Aprili 2014. Cheti chenyewe cha ndoa, kilichotolewa hapa hapa Kenya, kilikuwa kimesajiliwa Februari 2018. Mume ni yule yule, mke ni yule yule, na hakuna aliyesema uongo hata mahali pamoja. Ila afisa anayelifungua faili hilo asubuhi kule Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, huku mengine yakimngoja mezani, hayo hayaoni. Anachoona ni tarehe tatu.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu watu wengi wa huku Kisumu, Siaya na Busia wakiitwa kwenye mahojiano ya aina hii hujiandaa kwa mtihani ambao haupo. Hujiandaa kuthibitisha kwamba mume yuko hatarini, kwamba wanampenda, kwamba hawataenda kuwa mzigo wa mtu. Hatari ya mume ilishaamuliwa alipopewa hifadhi. Anachotaka kujua afisa ni kama wewe ndiye yule aliyetajwa kwenye karatasi za mumeo, na kama ulikuwa mke wake kabla ya siku aliyokubaliwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, ofisi yetu ndogo iko Kondele. Si wakili, ingawa mtaani ukionekana na mafaili mawili kwapani tayari umeshapewa cheo. Kesi yenyewe ilishikwa na wakili wa huko Marekani; yangu ilikuwa kukusanya stakabadhi za upande huu na kumwandaa mama. Ameniruhusu kuandika. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asitambulike, na sababu zilizomfanya mumewe akimbie sitazigusa. Hizo ni zake.

Fomu isiyo na ada

Baba Junior alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye. Aliondoka mwishoni mwa 2018, akaomba hifadhi mwaka uliofuata kabla ya kumaliza mwaka mmoja tangu aingie Marekani, maana huo ndio muda wanaompa mtu, na akakubaliwa Juni 2020.

Aliyepewa hifadhi anaruhusiwa kumwombea mume au mke, pamoja na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Fomu inaitwa I-730. Haina ada. Kila mtu hujaziwa yake, ya mke mbali na ya mtoto mbali, na inatakiwa ifike ndani ya miaka 2 tangu hifadhi itolewe. Baba Junior aliipeleka Machi 2022, ikiwa imebaki miezi 3 tu. Nilipomuuliza kwa simu alikuwa anangoja nini, akasema rafiki yake wa kazini alimwambia lazima apate kwanza kadi ya ukaazi, ile green card. Rafiki huyo alichanganya njia mbili. Mwenye kadi ya ukaazi humwombea mkewe kwa fomu nyingine, yenye foleni yake, ada zake na mdhamini wa kifedha. I-730 haidai mdhamini, wala taarifa za benki, wala nyumba ya vyumba vitatu.

Ina sharti moja lenye meno: ndoa iwe ilikuwepo siku ile hifadhi ilipotolewa, na iwe bado ipo mke anaposafiri. Ukiolewa hata wiki moja baada ya hifadhi, fomu hii si yako. Ndiyo maana tarehe za Mama Junior zilikuwa jambo kubwa.

Ayie, ng'ombe, cheti

Desemba 2012 wajumbe wa upande wa mume walifika nyumbani kwa kina Mama Junior, Alego, wakampa mama yake ayie. Wasio Wajaluo wajue kwamba hizo ndizo pesa za mama mzazi, na akishazipokea binti ana ruhusa ya kwenda. Naye akaenda. Walianza maisha kwenye chumba kimoja Manyatta kabla ya Krismasi. Kwake yeye, kwa mumewe na kwa majirani wote, ndoa ilianza hapo.

Aprili 2014 ndipo ng'ombe walipopelekwa. Kuna daftari. Ni lile la shule, la mistari, jalada limeshachanika, na katikati kuna ukurasa ulioandikwa kwa Kijaluo kwa kalamu ya buluu: ng'ombe 6, mbuzi 1, majina ya wazee wa pande zote mbili, sahihi za waliojua kuandika na alama za dole gumba za wasiojua. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, pameandikwa deni: ng'ombe 4.

Hao ng'ombe wanne walimnyima Mama Junior usingizi kuliko kitu kingine. Aliogopa afisa ataona ndoa haijakamilika. Nilimwonyesha Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 43, kinachosema kwamba pale mahari inapohitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo tu cha kuonyesha nia kinatosha. Na kwa mila zetu, mkwe gani amewahi kumaliza mahari? Anayemaliza anashukiwa anataka kukata undugu.

Februari 2018 wakasajili. Ndoa za kimila zilitambuliwa na sheria hiyo ya 2014 sawasawa na za kanisani, za serikali, za Kihindu na za Kiislamu, lakini kanuni za kuzisajili zilianza kutumika Agosti 2017. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanaapa tu hati ya kiapo kwa wakili na kuendelea na maisha. Mama Junior na mumewe walisajili kwa sababu ya kawaida kabisa: mume alitaka mke na mtoto waingie kwenye bima yake ya afya. Kama wangechelewa mwaka mmoja, mume angekuwa ameshaondoka, na usajili huo unataka wote wawili wafike wenyewe.

Baba Junior alipojaza ombi la hifadhi, alipoulizwa alioa lini aliandika tarehe iliyo moyoni mwake, 2012. Miaka 3 baadaye wakili alipojaza I-730 alichukua tarehe iliyo kwenye cheti, inayosema ndoa ilikamilika Aprili 2014. Hakuna aliyeziweka fomu mbili ubavu kwa ubavu.

Kisheria hapakuwa na shida yoyote. Marekani huitazama ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na hata ukichukua tarehe ya mwisho kabisa, ile ya Februari 2018, bado ni miaka 2 na zaidi kabla ya hifadhi. Kwa hiyo katika zile tatu hapakuwa na ya kuwanyima haki. Kilichoweza kuwanyima ni kule kuonekana wanajikanganya, maana afisa akishashuku jambo moja hurudi nyuma na kushuku mengine.

Washauri hawakukosekana

Kabla fomu haijapelekwa, 2021, mchungaji wao alikuwa amejitolea kuwafungisha ndoa ya kanisani kwa video, mume akiwa kule na mke madhabahuni, ili "kuitia nguvu". Nia yake ilikuwa njema. Lakini fikiria kilichokuwa kinatengenezwa: cheti kipya, kizuri, chenye tarehe ya 2021, mwaka mzima baada ya hifadhi. Hicho ndicho cheti ambacho mtu angekitanguliza mbele kwa sababu ni cha kanisani na kina picha. Tena sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mke wa ndoa iliyofungwa bwana na bibi wakiwa mbalimbali, mpaka wawe wamekutana baadaye kama mume na mke. Bahati nzuri mchungaji alihamishwa kabla ya siku kupangwa.

Halafu kuna broka. Huku kwetu hawaishi, hasa karibu na stendi za mabasi na pale penye foleni za pasipoti. Huyu alitaka elfu kumi na tano amtengenezee Mama Junior taarifa ya benki na picha za harusi. Taarifa ya benki haikuhitajika, kama nilivyosema. Picha za harusi ambayo haikuwahi kuwepo ni kesi ya udanganyifu inayosubiri kufunguliwa, na ukishawekewa alama hiyo huko haifutiki kirahisi.

Ushauri uliokuwa hatari kuliko yote ulitoka kwa shemeji, na ulikuwa na akili ndani yake. Alisema, "Nyinyi kubalianeni tarehe moja. Semeni 2014. Ile ya 2012 ndugu yangu alikosea kuandika." Unasikika mzuri, sivyo? Faili linakuwa safi na mahojiano yanakuwa mafupi. Tatizo ni kwamba ndugu yake hakukosea. Kusema alikosea ni kuapa uongo ili kurekebisha kitu ambacho ni kweli, na uongo huo ungegusa ombi la hifadhi lenyewe, ambalo ndilo linalobeba kila kitu. Leo umesema alikosea tarehe ya ndoa. Kesho mtu anauliza, alikosea nini kingine?

Wakili wa Marekani na mimi tulikubaliana kwamba tarehe zote tatu zibaki na zielezwe. Mume akaandika maelezo ya kiapo huko aliko, ukurasa mmoja, bila maua. Huku, jagam, yule mzee aliyekuwa kiungo wa pande mbili wakati wa posa, akaapa hati yake mbele ya kamishna wa viapo mjini Kisumu: nilikuwepo 2012, nilikuwepo 2014, na alama ya dole gumba kwenye daftari ni yangu. Ukurasa wa daftari tukautafsiri kwa Kiingereza, mtafsiri akaweka sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili, kama wanavyodai. Vyote vikatumwa na kuingizwa kwenye faili kabla ya siku ya mahojiano, ili afisa akiziona tarehe tatu akute na maelezo yake papo hapo.

Pesa za mwanamume mwingine

Tulipokuwa tunakagua ushahidi wa kwamba wanawasiliana na kutunzana, Mama Junior alileta taarifa ya M-Pesa ya miaka mitatu. Pesa zilikuwa zinaingia karibu kila mwezi. Nikatazama juu ya ukurasa: jina la mwanamume.

Laini ilikuwa ya kaka yake. Mama Junior alipoteza kitambulisho 2019, akakaa muda mrefu bila kupata kingine, na kaka akamsajilia laini kwa jina lake. Ni jambo ambalo kila nyumba ya huku inalijua. Afisa aliyezaliwa kwingine atasoma kwamba mume anamtumia pesa bwana fulani. Tulipata hati ya kiapo ya kaka na nakala ya kitambulisho chake, na tukaonyesha jinsi karo ya Junior ilivyokuwa ikitoka kwenye laini hiyo hiyo siku moja au mbili baada ya pesa kuingia. Huo ulinganifu wa karo, kwa maoni yangu, ulikuwa ushahidi mzito kuliko barua zote za chifu tulizokuwa nazo.

Kwenye mazungumzo yao ya WhatsApp, mama alitaka kuchapisha yote. Ni mamia ya kurasa, mengi ni "umekula?" na "nipigie". Tulichagua machache ya kila mwaka, yale yanayotaja vitu vinavyoweza kufuatiliwa: Junior kulazwa kwa malaria, paa la nyumba ya nyanya yake kung'oka, ugomvi wao kuhusu shule ya bweni. Ugomvi ubaki, nilimwambia. Watu waliooana hugombana, na walaghai ndio hutumiana maua kila asubuhi.

Mazishi na Kampala

2021 baba yake Baba Junior alifariki, Seme. Mume ni kifungua mimba. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa maana ya mwana wa kwanza kutoonekana kwenye mazishi ya babake. Wazee walimpigia, shangazi wakamlilia kwenye simu, mmoja akamwambia asije akarudi tena boma hilo. Hakuja. Aliyepewa hifadhi akirudi kwa hiari katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama ile hofu bado ipo, na hifadhi yenyewe kuguswa. Mama Junior ndiye aliyesimama mbele ya watu kumtetea bila kuweza kusema sababu.

Walikutana 2022, Kampala. Mume alisafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi iliyotolewa na Marekani, si kwa pasipoti ya Kenya, na hilo nalo lina maana: kutumia pasipoti ya serikali unayosema unaikimbia ni kujitafutia maswali. Mke na mtoto walivukia Busia, yeye kwa kitambulisho kipya, maana Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Matokeo yake ni kwamba pasipoti yake haikuwa na mhuri wowote wa safari hiyo. Tuliweka tiketi za basi, risiti ya nyumba ya wageni na picha, ikiwemo moja ambayo Junior amekaa mabegani mwa babake akimshika masikio.

Gigiri, Mei 2024

Barua ya kuitwa ilifika msimu wa mafuriko. Siku chache kabla ya safari maji yalikuwa yamewasomba watu Mai Mahiu, na barabara ya kwenda Nairobi haikuwa ya kuaminika. Mama Junior alitoka Kisumu siku mbili mapema kwa basi la mchana, akalala kwa binamu yake Kangemi. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, na lilikuwa wazo zuri kuliko mengi niliyompa mimi.

Chumbani sikuwemo. Nayaandika kama alivyonisimulia aliporudi, na nimeyalinganisha na maswali ambayo wengine huulizwa.

Waliacha simu na mikoba mlangoni. Alichukuliwa alama za vidole, akaitwa, akainua mkono wa kulia akaapa. Aliulizwa anataka lugha gani. Kiingereza anakijua cha kutosha, lakini tulishakubaliana achague Kiswahili, kwa kuwa mtu akiwa na hofu hupoteza kwanza lugha aliyojifunzia darasani. Mkalimani alikuwepo.

Mwanzo ulikuwa mwepesi: majina yote, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, mlikutana wapi. Walikutana Kibuye, alikwenda kutengenezewa meko ya mkaa. Mume ana ndugu wangapi? Alipoishi na wewe mliishi wapi? Kitanda chenu kilikuwa upande gani wa mlango? Hilo la mwisho lilimchekesha, chumba kilikuwa kimoja, kitanda kilikuwa pande zote.

Kisha: "Mlifunga ndoa lini?"

Akajibu, "Unauliza ile ya ayie, ile ya ng'ombe, au ile ya cheti?"

Afisa aliweka kalamu chini. "Nieleze zote."

Akaeleza. Alianza na mama yake kupokea pesa, akaja kwenye ng'ombe, akamalizia na siku waliyosajili na kwa nini walisajili. Hakusema neno juu ya fomu za mumewe wala kumtetea mtu. Afisa aliuliza deni la ng'ombe wanne, naam, alikuwa ameusoma ukurasa wa daftari, akamuuliza kama mumewe asipolipa, baba yake anaweza kumrudisha nyumbani. Mama Junior akasema baba yake alishafariki, na kaka zake wanangoja hao ng'ombe kwa hamu lakini hakuna aliyewahi kumwambia arudi.

Swali lililokuwa na kona kali lilifuata. Ndoa ya kimila, kwa sheria ya Kenya, inachukuliwa kuwa ni ya wake wengi au inaweza kuwa hivyo. Marekani haimtambui mke wa pili. Kwa hiyo afisa anayeshika cheti cha ndoa ya kimila lazima aulize: mumeo ana mke mwingine? Mama Junior akajibu kama angejibu sokoni: "Hapa ni mimi. Huko aliko sijui, labda nyinyi mnajua." Mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri. Afisa hakucheka. Akarudia swali taratibu, na mama akajibu sawasawa: hapana, hakuna mke kabla yake, hakuna mke pamoja naye. Mimi natoa ushauri kwamba utani ubaki kwenye basi, japo nakiri jibu lile la kwanza lina harufu ya ukweli ambayo huwezi kumfundisha mtu.

Halafu, "Unajua kwa nini mumeo hawezi kurudi Kenya?"

Hapa ndipo wengi huharibu. Ndugu humwambia mke akuze mambo, aseme alimwona mume akipigwa, aseme nyumba ilichomwa, ili kumsaidia. Lakini maelezo ya ombi la hifadhi ni ya siri kwa sheria yao. Afisa hatakusomea alichosema mumeo. Kwa hiyo unayeongeza chumvi unaongeza gizani, hujui inaangukia sufuria gani. Mumewe hakuwahi kumweleza yote, na tulikuwa tumekubaliana aseme alichokiona kwa macho yake, akomee hapo. Alisema watu walikuja mlangoni usiku mara mbili kumtafuta, mara ya pili yeye ndiye aliyefungua, na asubuhi yake mume alihama. Afisa akauliza walikuwa kina nani. Akasema hawajui, na mumewe alimwambia ni vizuri asijue. Swali likaishia hapo.

Yaliyobaki ni yale ya orodha: umewahi kukamatwa, umewahi kushika silaha, umewahi kuwapa chakula, pesa au mahali pa kulala watu wenye silaha, umewahi kushiriki kumtesa mtu kwa kabila au dini yake. Yanatisha ukiyasikia mara ya kwanza. Yanaulizwa kila mtu, hata bibi wa miaka themanini, na jibu ni ndiyo au hapana. Cheti cha tabia njema, ambacho alikuwa amekilipia kwenye eCitizen na kwenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre, hakuna aliyekiulizia.

Suala la M-Pesa lilichukua sekunde chache. Afisa alisoma hati ya kaka, akauliza kwa nini hakubadilisha laini baada ya kupata kitambulisho, mama akasema namba hiyo ndiyo mumewe anayoijua kwa kichwa. Yakaisha.

Baada ya hapo

Aliyechelewesha mambo alikuwa Junior. Cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa 2021, ilhali alizaliwa 2014, na cheti cha kuchelewa huvuta jicho. Walitakiwa kuleta ushahidi wa nyongeza. Kadi ya kliniki ilikuwa kwa nyanya yake, imekunjwa ndani ya Biblia, na ina jina la baba kwa mwandiko wa muuguzi wa wakati huo. Ilitumwa pamoja na barua ya shule, na miezi kadhaa baadaye wote wawili wakapitishwa. Vipimo vya afya vilifanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Nairobi. Eksirei ya kifua, damu, chanjo. Vina muda wa kuisha, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ukitegemea vya zamani. Nauli walijilipia. Watu huchanganya hapa: familia ya mkimbizi aliyepelekwa na mpango wa makazi mapya, kabla mpango huo haujasimamishwa Januari 2025, ilikuwa ikisafirishwa kwa mkopo wa nauli kupitia IOM, lakini familia ya aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani hutafuta nauli yenyewe. Baba Junior alikuwa amepiga zamu za usiku mwaka mzima kwa ajili hiyo.

Wakishaingia wana hifadhi kupitia kwa mume, na mke anaweza kufanya kazi bila kungoja. Baada ya mwaka mmoja wa kukaa huko wanaweza kuomba kadi ya ukaazi, kila mmoja yake. Nilimsisitizia Mama Junior jambo moja kabla hajaondoka: ndoa ikivunjika kabla ya hatua hiyo, mambo yake yanakuwa magumu, kwa kuwa haki yake imening'inia kwenye ya mume. Alinitazama akasema, "Wakili, nimemngoja miaka hii yote, nitamwacha kwa sababu gani sasa?" Nikamwambia ajue tu.

Wiki moja tangu asafiri alikuja ofisini mama mwingine, wa Busia, ametumwa na binamu ya Mama Junior. Mumewe alipewa hifadhi 2021. Wao walijuana kwenye simu, wakakutana na kuoana Kampala 2023. Kuna mtu alimwambia apate barua ya chifu inayosema wameishi pamoja tangu 2019, na barua anayo tayari kwenye bahasha, yenye mhuri. Nilimwomba asiitoe. Nikamweleza kwamba I-730 si njia yao, hata barua iwe na mihuri kumi. Njia yao ni mume kupata kadi ya ukaazi kwanza, ambayo angeweza kuiomba tangu alipotimiza mwaka mmoja wa hifadhi, kisha amwombee kwa fomu I-130 akiwa na mdhamini na ada. Tukampigia mume simu pale pale tumuulize ameomba kadi hiyo lini. Hakuwa ameomba.